Ile video ya sindano ya kuchoma kanseri: inasema kweli, lakini inaacha vipimo

Wandugu wa umoja wetu, wiki hii video ya sindano inayochoma kanseri ya ini imezunguka sana kwenye grupu. Chini yake wengi wameandika: "Watuletee hiyo mashini Kindu!" Miye pia niliitazama mara mbili. Naomba niikosoe, si kwa kuwa inadanganya, ila kwa yale iliyoyaacha.

Kazi yenyewe iko hivi. Munganga anaangalia ini kwa ekografi ao skaneri, anapitisha sindano nyembamba kwenye ngozi mpaka ndani ya uvimbe, kisha anatuma mawimbi ya redio ao mikroonde. Joto linapita digri 60, uvimbe unakufa, tumbo halipasuliwi. Hapo video iko sawa.

Lakini haikusema kama njia hii inafaulu zaidi kwa uvimbe mdogo, wa sentimita 3 kushuka. Ukiwa mkubwa kuliko hapo, joto halifiki vizuri pembeni, na kanseri inarudi kwa urahisi. Ukiwa karibu na mshipa mkubwa, damu inayopita inapoza joto, kama vile kuchoma kisiki kando ya maji. Tena ini linapaswa kuwa bado na nguvu. Na hata kisha kuchomwa, ekografi inarudiwa kila mara, maana uvimbe mwingine unaweza kuota.

Sasa niambieni: nani hapa Kampene anajua kama ana uvimbe wa sentimita 3? Mara nyingi hauumi. Baba yangu mkubwa alianza kulalamika wakati tumbo limeshajaa maji na macho yamekuwa manjano. Tulimpakia kwa pikipiki mpaka Kindu. Ekografi ikaonyesha uvimbe umeshakula upande mzima wa ini. Hata kama mashini ingekuwa pale mlangoni, sindano isingemsaidia.

Sisemi mashini haina maana. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2018 waganga wa ng'ambo, pamoja na wale wa Yale, walifika kwa zamu kufundisha Watanzania kutibu kwa kuongozwa na picha. Somo ni hilo: kwanza watu, kwanza ekografi, kisha mashini.

Na hapa kwetu kuna kazi inayotangulia hata ekografi. Njo sababu miye agronomu ninajiingiza. Kanseri hii inatoka sana kwa virusi vya epatiti B, na kwa aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri. Mtu akiwa na vyote viwili, hatari inaongezeka mara nyingi. Uganda, utafiti uliotoka 1971 ulipima vyakula 480 vya ghalani: karibu 30 kwa 100 vilikuwa na sumu hiyo, zaidi kule kanseri ya ini ilikuwa nyingi. Na tusidanganyane: joto la sufuria yetu haliimalizi. Kukaanga kunapunguza tu.

Kosa ninalo pia. Kazi yangu ya kumaliza lisansi ilikuwa juu ya mavuno ya karanga. Nilihesabu kilo kwa hektari, lakini sikuandika hata ukurasa mmoja juu ya kukausha. Hapa karanga zinang'olewa mvua ikinyesha, zinatandikwa chini kwenye udongo, zinaingia kwenye mifuko zikiwa bado na maji. Zile zilizooza zinauzwa bei ndogo, na mama mwenye franka kidogo njo anazinunua, anazisaga kwa sombe ya watoto.

Kwa hiyo, tukiandikia wakubwa wa jimbo, tusianze na mashini. Tuombe kipimo cha epatiti B karibu na watu, na chanjo ya watoto isikose: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Na sisi wenyewe tufundishe: kukausha juu ya bashe, kuchambua mbovu na kuzitupa, kuweka mifuko juu ya mbao, si chini. Hayo hayangoji bajeti ya Kinshasa.

Siku sindano itafika Kindu, tutashangilia. Lakini ikute watu waliopimwa mapema. Nangoja mawazo yenu hapa chini.