Mbona Lazima Mtu Afe?

Kuna mchezo unaoweza kucheza na drama za Kenya zilizotoka baada ya 2010. Kabla filamu haijafika nusu, bahatisha nani atakufa. Mara nyingi utapata. Nairobi Half Life (2012) ya David 'Tosh' Gitonga inalimaliza genge la Mwas kwa risasi. Kwenye Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya, wahusika wameshakufa hata kabla hatujaketi vizuri. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina inatuambia mapema kwamba Jo, msichana mdogo anayependa filamu za mashujaa, ni mgonjwa na siku zake zinahesabika. Kama hujaziona, pole, nimekuharibia. Lakini si ungejua tu?

Si eti ni filamu mbaya. Nairobi Half Life naweza kuirudia hata leo, hasa pale Mwas, mgeni mjini na ameshaibiwa kila kitu, anajikuta seli akilazimishwa kuosha choo ambacho hata kukiangalia ni kazi. Joseph Wairimu anaibeba hiyo sehemu hadi unacheka huku umeziba pua. Shida yangu ni jinsi kifo kimekuwa njia ya mkato. Hadithi ikifika mahali pagumu, mtu anazikwa. Tunalia, majina yanapanda kwenye skrini, tunaambiana filamu ilikuwa deep, basi.

Utaniambia Nairobi watu wanakufa kweli, na polisi wanapiga risasi kweli. Sikatai. Lakini hapa Fedha mtu akifa, hadithi ndiyo kwanza inaanza. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa usiku huohuo. Mchango unaanza, na kila mtu anaona nani ametuma mia mbili. Bili ya hospitali inafanya mwili ukae mochari wiki nzima. Mashangazi wawili ambao hawajasemezana miaka mingi wanabanana kwenye kochi moja. Mwezi ukiisha, mwenye nyumba bado anataka kodi yake. Drama iko hapo, na hapo ndipo filamu zetu nyingi huzima taa.

Moja haikuzima. Something Necessary (2013) ya Judy Kibinge inaanza pale nyingine zinapomalizia. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zimepita, mume wa Anne ameuawa, na yeye anataka kurudi kwenye shamba lao na kulijenga upya. Upande wa pili kuna Joseph, kijana aliyekuwa kwenye kundi lililofanya uharibifu, anayezunguka na hatia asiyojua aiweke wapi. Hakuna anayekuja na hotuba ya kuponya taifa. Kuna nyumba iliyoungua na kazi ya mikono. Ni filamu ya polepole, na kuna mahali niliichoka kidogo, lakini inaheshimu kitu ambacho wengi hukiruka: kwamba aliyebaki naye ana hadithi.

Halafu kuna Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja wanaopendana, na baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Wanachongewa, wanapigwa na umati, wanatenganishwa. Kwa mazoea yetu, ungetarajia mmoja wao afe ili mwingine alie na sisi tujifunze kitu. Hafi mtu. Miaka inapita, Kena anafanya kazi hospitalini, Ziki anarudi, na filamu inaisha kwa mkono begani. Samantha Mugatsia anafanya mengi na uso tu hapo, bila kusema neno.

Sasa angalia kilichotokea. Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga Rafiki marufuku, ikisema inahimiza mapenzi ya jinsia moja. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, bodi ilitaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Soma hiyo tena. Machozi hayakuwa tatizo. Kilichowasumbua ni kwamba wasichana hao walibaki hai, na hawakujuta. Mwezi wa Septemba, Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba ili filamu iweze kufikiriwa kwa Oscar, na watu wakajaza ukumbi. Mwishowe Kenya ilituma Supa Modo.

Sisemi Supa Modo haikustahili. Ninachoona ni kwamba mwisho wa filamu si pambo tu. Unaamua nani ana kesho. Mhusika akifa vizuri, kila mtu anaweza kumpenda, hata aliyemchukia akiwa hai, kwa sababu hatawahi tena kumdai chochote. Aliye hai anasumbua. Atataka kazi, nyumba, mtu wa kumpenda. Mwandishi akimwacha aishi, itabidi ajibu ataishi vipi, na hapo ndipo wengi huogopa.

Hata kwenye Supa Modo yenyewe, kilichonikaa kichwani si kifo. Ni mvutano kati ya mama na Mwix, dada mkubwa. Mama anataka Jo apumzike kitandani, amlinde kwa siku chache zilizobaki. Mwix anataka atoke nje, aamini ana nguvu za ajabu, na anakiomba kijiji kizima kiigize naye. Wote wawili wanampenda mtoto, na wote wawili wana haki. Huwezi kuchagua upande bila kumuumiza mmoja. Marrianne Nungo na Nyawara Ndambia wanaigiza ugomvi huo bila kupayuka, kama watu wanaojua kesho bado watapika kwenye sufuria moja.

Filamu inatupa mwisho mtamu, kijiji kimekusanyika mbele ya skrini kumtazama Jo akiruka angani. Nililia, na nikaendelea kuwawaza wale wawili wanaorudi nyumbani baadaye. Nani anaanza kuongea? Nani anatandika kile kitanda? Mtu akiitengeneza filamu ya asubuhi hiyo, mimi nitalipa tiketi mbili.