Lugha ya Kuulizia Swali: Uhakiki wa Mafunzo ya Mtandaoni kwa Wahadhiri wa Sayansi Mpakani mwa Gisenyi na Goma

Makala haya yanahakiki dhana inayotawala mafunzo endelevu ya wahadhiri wa sayansi yanayoendeshwa mtandaoni: kwamba intaneti ikifika, mafunzo yamefika. Mpaka wa Gisenyi na Goma unaonesha udhaifu wa dhana hiyo. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundishia kwa Kiingereza. Ng'ambo ya mpaka, elimu ya juu hutolewa kwa Kifaransa. Wahadhiri wa pande hizi mbili wakikutanishwa katika kipindi kimoja, yule ambaye lugha ya kipindi si lugha yake ya kazi huzima kipaza sauti. Mahudhurio yatahesabiwa, cheti kitatolewa, na swali litabaki kifuani. Hasara hiyo humfikia mwanafunzi.

Ilhali lugha ya pamoja ipo. Kiswahili huvuka mpaka huu kila siku pamoja na wafanyabiashara. Ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na ni miongoni mwa lugha nne za taifa za Kongo.

Tuchukue mfano wa Ziwa Kivu, linalopakana na miji yote miwili. Katika kina chake zimeyeyuka methani na kaboni dayoksaidi, ambazo hubaki humo kwa sababu ya kanieneo la maji yaliyo juu yake. Istilahi kanieneo, yaani kani juu ya eneo, hubeba fasili yake yenyewe. Mhadhiri akiielewa, ameshapata nusu ya somo.

Wapo watakaodai kwamba istilahi hazijakubalika: wengine husema shinikizo, wengine mgandamizo. Dai hilo lina ukweli, lakini Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI imekuwapo tangu 1990. Istilahi husanifika kwa kutumiwa, na mijadala ya wahadhiri ndiyo mahali pa kuzitumia.

Hatupendekezi Kiswahili kilazimishwe. Si kila mhadhiri anakimudu, na Kiswahili cha Goma kina sura yake. Tunapendekeza mihadhara ibaki katika lugha zilizopo, mijadala ya vikundi iruhusiwe kwa Kiswahili, orodha ya istilahi itangulie kipindi, na tathmini ipime mabadiliko darasani badala ya mahudhurio. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sera ya mafunzo nayo haina budi kuvuka mpaka.