Teke la Mwepu na Mkono Mdomoni

Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire ilikuwa imekwisha kufungwa na Brazil mabao 3 kwa 0 katika Kombe la Dunia. Dakika chache kabla ya mchezo kwisha, Brazil ilipewa mpira wa adhabu. Rivellino hajaugusa bado, Mwepu Ilunga, beki kutoka Lubumbashi, alichomoka katika ukuta wa wenzake akaupiga mpira mbali. Mwamuzi alimwonyesha kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya walicheka, na kwa miaka mingi picha ile ilirudiwa katika televisheni kama ushahidi kwamba Waafrika hawakujua sheria za mchezo.

Usomaji huo ni mbovu. Mwepu alikuwa mmoja wa mabingwa wa Afrika wa mwaka uleule wa 1974. Mtu wa namna hiyo hawezi kufikiriwa kwamba hajui mpira wa adhabu. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alifanya makusudi, akitaka kutolewa uwanjani, kwani wachezaji walikuwa wamenyimwa fedha zao. Husimuliwa pia kwamba, baada ya kufungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0, watu wa Mobutu waliwatisha wachezaji wasithubutu kufungwa na Brazil zaidi ya mabao 3. Kwa maelezo ya kwanza, teke lile ni mgomo. Kwa maelezo ya pili, ni hofu inayopoteza muda. Mhakiki hana haja ya kuchagua. Chini ya utawala kama ule, mgomaji alihitaji tendo ambalo angeweza kulikana. Ujinga aliosingiziwa Mwepu ulimkinga, ingawa kinga yenyewe ilikuwa ya aibu.

Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, Chui wa Kongo walisimama kwa wimbo wa taifa. Waliziba midomo kwa mkono mmoja, wakaelekeza vidole viwili vya mkono wa pili kwenye panja, mfano wa bastola. Usiku uleule ulimwengu ulielewa kwamba walikuwa wakisema juu ya mauaji ya mashariki mwa nchi. Hata hivyo, ishara hiyo nayo ina utata, na Kiswahili, lugha ya Goma na Bukavu, kinaufichua vizuri: mdomo ule umenyamaza, au umenyamazishwa? Kitenzi cha kwanza kinaulaumu ulimwengu unaotazama. Cha pili kinamtaja aliyeuawa. Mkono mmoja ulibeba vyote viwili, na hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Lakini wepesi wa kueleweka una sababu nyingine, isiyopendeza sana. Lawama ya 2024 ilielekezwa nje, na serikali ya Kinshasa haikuwa na sababu ya kuichukia. Lawama ya Mwepu iliwaelekea wakubwa wa nyumbani. Alifariki mwaka 2015, na wapo bado wanaolionyesha teke lake ili watu wacheke.