Mwaka wa Paul Miller Bila Mtandao

Katika makala zilizoandikwa juu ya simu za mkononi na maisha ya watu wanaofanya kazi kwazo, chache zimesomwa kama ile aliyoitoa Mmarekani Paul Miller tarehe 1 Mei 2013, katika gazeti la mtandaoni liitwalo The Verge. Kwa muda wa mwaka mzima kabla ya siku hiyo Miller hakugusa intaneti. Aliikata usiku wa 30 Aprili 2012, naye ana umri wa miaka 26, akaiweka kando simu yake ya kisasa na kuchukua simu ndogo ya kupigia, zile ambazo Tanzania huitwa vitochi na Mombasa mulika-mwizi. Na gazeti lake likaendelea kumlipa mshahara ili aeleze yatakayomfika. Makala yake ya kurejea yastahiki kusomwa leo kuliko ilivyosomwa siku ile. Tangu wakati huo simu hizo zimeingia katika kila chumba cha kila nyumba, na maneno aliyoyasema ndiyo tunayoyasikia yakirudiwa barazani na watu ambao hata jina lake hawalijui. Tuonavyo sisi, makala ni ya kweli na hukumu yake ni pungufu.

Kwanza ajulikane mtu mwenyewe. Kwa maelezo yake, alikuwa na intaneti mchana na usiku tangu umri wa miaka 12, na alipofika miaka 14 ikawa ndiyo riziki yake. Alianza kwa kupeleka magazeti majumbani, akaja akatengeneza kurasa za mtandao, kisha akawa mwandishi wa habari za vyombo vya kisasa, yote hayo katika muda usiotimia miaka kumi. Kazi hii wengi huitamani bila ya kuijua. Mwandishi hupewa simu kabla haijafika madukani, akakaa nayo siku chache, akapima kioo chake, betri yake, kamera yake na uzito wake, akaandika. Na kabla wino haujakauka (twasema hivyo kwa mazoea, kwani wino haupo) imekwisha kuja nyingine. Huandika kwa laptopu, hujibu wakubwa wake kwa simu, na simu ya pili, ile anayoipima, imelala mezani inalialia. Seremala akifunga karakana huiacha randa yake ndani. Huyu randa yake ndiyo saa ya kumwamsha, ndiyo barua za mamake, ndiyo ramani ya njia, na ndiyo kitu cha mwisho anachokitazama kabla ya kulala. Kwa hivyo Miller aliposema amechoka, hakuwa akideka.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri mno. Alicheza na wenzake mchezo wa kurusha kisahani, akapanda baiskeli, akasoma vitabu vya Wayunani wa kale kurasa mia kwa mkao mmoja, akaandika nusu ya riwaya yake, akapungua ratili 15 bila ya kujitaabisha. Karibu kila wiki alipeleka makala ofisini, hata mkubwa wake akaona zimezidi, jambo ambalo asema halijapata kumtokea kabla wala baada. Wasomaji walimwandikia barua za karatasi kwa sanduku la posta, naye akazifurahia kama mtoto. Dadake, aliyezoea kuzungumza na mtu ambaye nusu yake imo ndani ya kompyuta, alipendezewa kuona kwamba sasa asikilizwa.

Kisha mambo yakageuka, na hapa ndipo makala inapopata thamani yake. Zile barua za posta, dazeni moja kwa wiki, zikamlemea sawasawa na barua pepe mia kwa siku. Baiskeli ikakaa. Kisahani kikashika vumbi. Ilipofika mwisho wa 2012 alikuwa amekwisha jifunza, kama asemavyo, namna mpya za kufanya mabaya pasipo na mtandao: kujilaza kochini, miguu juu ya meza, akicheza mchezo wa vidio huku akisikiliza kitabu kinachosomwa kwa sauti. Wiki nyingi zikapita hakutoka na rafiki hata mara moja. Alikuwa ameamini kwamba ndani yake yumo Paul mwingine, wa kweli, aliyezibwa na mtandao, na kwamba akiuondoa mtandao atamkuta. Akauondoa, akamkuta Paul yule yule.

Mwingine angelificha. Miller asema wazi kwamba watu walitaraji awaambie ameponywa, na hakupona. Kwa ukweli huo twampa haki yake kamili, kwani katika uandishi wa vyombo, ambako kila simu mpya husifiwa kuliko iliyopita, ni nadra kumwona mtu akiandika hasara ya mwaka wake mwenyewe.

Tukija kwenye hukumu, Miller ahitimisha kwamba makosa aliyoyabandika juu ya mtandao yalikuwa yake, na kwamba mtandao ndipo watu walipo, basi arudi. Hapo alisaidiwa na Nathan Jurgenson, mtaalamu wa elimu ya jamii, aliyeandika mwaka 2012 insha ya kuwakosoa wanaoyatukuza maisha ya nje ya mtandao kana kwamba ndiyo pekee yaliyo ya kweli. Jurgenson ana haki katika hilo. Barua ya mgonjwa ikija kwa simu haiwi ya uwongo kwa kuwa haikuja kwa bahasha. Lakini Miller alilichukua neno hilo akalifanya mlango wa kutokea, na nyuma yake akaacha mambo mawili ambayo hakuyagusa.

La kwanza ni kazi. Miller kabla ya The Verge alikuwa Engadget, gazeti la vyombo lililokuwa mali ya kampuni ya AOL. Mwanzoni mwa 2011 ulivuja mpango wa kampuni hiyo uliotaka waandishi wake watoe habari 5 hadi 10 kila siku, na vichwa vya habari vichaguliwe kwa kutazama ni nini watu wanakitafuta na matangazo yatalipa kiasi gani. Miller aliacha kazi Februari ya mwaka huo, akaeleza hadharani kwamba hawezi kuandikia wenye kuyaona maandishi kama ngozi ya kufungia matangazo. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu aliyejua ugonjwa wake uko wapi. Inashangaza basi kwamba mwaka mmoja baadaye, alipoeleza uchovu wake, lawama zote zilikwenda kwenye waya na mawimbi, na kipimo cha habari kumi kwa siku hakikutajwa tena. Tena mapumziko yenyewe yalikuwa kazi. Kila alilolifanya, hata kupanda baiskeli, lilikuwa ni makala ya wiki ijayo. Mtu akilipwa ili anyamaze, kisha atakiwe aandike juu ya ukimya wake, hajanyamaza bado.

La pili ni ufundi wa kile chombo. Mhakiki wa simu hupima unene kwa milimita na picha kwa mamilioni ya nukta, lakini saa za mwenye simu hazimo katika jedwali lake. Ukurasa usio na mwisho, ule ambao kila ukiushusha huongezeka, ulibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, naye baadaye akatangaza majuto yake. Kule kuvuta kioo chini kwa kidole ili kuona kama kuna jipya kulibuniwa na Loren Brichter katika programu iitwayo Tweetie. Haya ni mambo yaliyofanywa na watu wenye majina, katika miaka inayojulikana, na kampuni zikayapenda kwa sababu yanawakalisha watu. Miller aliyeishi kwa kupima simu ndiye angelifaa kuliko wote kuyaeleza. Badala yake alijilaumu mwenyewe. Kujilaumu ni adabu nzuri, lakini mhakiki aliyeajiriwa kukagua chombo akija na ripoti ya tabia zake mwenyewe, chombo kimetoka salama.

Waliomfuata walikuwa na hesabu nzuri zaidi. Apple ilipoingiza kipimo cha saa ndani ya simu zake mwaka 2018, Kevin Roose wa gazeti la New York Times alikitazama, na Februari 2019 akatangaza kwamba simu yamlia zaidi ya saa 5 kwa siku na kwamba huishika zaidi ya mara 100. Akamtafuta Catherine Price, mwenye kitabu juu ya jambo hilo, akamfuata kwa siku 30, akafunga mpira kwenye simu ili mkono ushtuke ukiigusa, akajifunza kufinyanga vyombo vya udongo, na saa zikashuka sana. Tofauti yao ni hiyo ya udongo. Roose alipoondoa kitu aliweka kitu, na Miller aliondoa akaacha pahala patupu, pakaingia mchezo wa vidio.

Iko sehemu katika makala ya Miller ambayo wengi huipita haraka. Wiki tatu tu baada ya kujitenga, tarehe 20 Mei 2012, alikwenda uwanja wa Citi Field mjini New York, ambako makumi ya maelfu ya wanaume wa Kiyahudi, wale wenye kushika sana dini yao, walikusanyika kuwasikiliza marabi wao wakiwaonya juu ya hatari za mtandao. Alikwenda kama mwandishi na kama mtu anayetafuta wenzake. Tofauti kubwa ilikuwa mbele ya macho yake. Wale, uwapende usiwapende, walikuwa wakitafuta desturi ya pamoja, ambayo jirani na jamaa wote wanaijua, na kwa hivyo hapana anayekaa kungoja jibu lisilokuja. Miller alijifungia peke yake katika mji ambao kila mtu mwingine aliendelea kama kawaida.

Na gharama ya jambo hilo ililipwa na mtoto. Karibu na mwisho wa mwaka alimtembelea kakake katika jimbo la Colorado, ambako kuna binti wa kakake, wa miaka 5, aliyekuwa amezoea kuzungumza naye kwa Skype wakionana nyuso. Miller akachukua karatasi akamchorea mtandao ulivyo, kompyuta na simu na televisheni zimeungwa kwa vistari, akamweleza kwamba yeye ameuacha. Kabla ya kuchora alikuwa amemwuliza kama alijiuliza kwa nini ami yake hakuwa akimpigia. Mtoto akajibu kwamba alidhani hataki tu.

Nyumba nyingi za pwani zitaisikia sentensi hiyo kwa namna yake, kwani ipi isiyokuwa na mtu Muscat, Dubai au London? Zamani wapo waliorekodi kanda za sauti wakampa msafiri azipeleke, na kanda ikichelewa ilijulikana kwamba msafiri hajapatikana. Siku hizi kuchelewa hakuna udhuru. Babu aliyezoea kumwona mjukuu kila Ijumaa, asipomwona Ijumaa mbili, hatafikiri juu ya betri.

Miller alilia aliposikia jibu la mtoto, na kutokana na machozi hayo ndipo alipohitimisha kwamba mtandao ndio watu. Hapa twatofautiana naye kabisa. Binti yule hakusema neno juu ya mtandao, na asingeweza kusema, maana mtandao alichorewa siku ile ile. Alisema juu ya ami aliyetoweka bila ya kuaga. Na yule ami, mwaka mzima, alikuwa na simu mfukoni, ile ndogo ya kupigia, ambayo hakuiacha hata siku moja. Katika makala ile ile yeye mwenyewe aeleza kwamba kupiga simu ni kuzito kuliko kupeleka barua pepe, na kumwendea mtu nyumbani ni kuzito zaidi. Alilieleza kama jambo la vyombo, akaendelea na aya nyingine. Na nambari ya nyumba ya kakake haikuhitaji intaneti.