Risasi Isiyo na Mlio

Muhula uliopita, katika semina yetu ya fasihi na mazingira, nilipewa utangulizi wa kitabu cha Rob Nixon, *Slow Violence and the Environmentalism of the Poor*, niueleze kwa Kiswahili mbele ya wenzangu. Nilidhani ni kazi ya usiku mmoja. Nilikwama kwenye jina la kitabu.

Neno la kwanza lililonijia lilikuwa vurugu. Nikalifuta, kwa sababu vurugu ina kelele: mawe, vitoa machozi, watu wakikimbia. Nixon anazungumzia madhara yanayokuja kidogo kidogo, yakatawanyika kwa miaka na kwa maeneo, hata watu wasiyaite ukatili. Mwishowe niliandika "dhuluma ya polepole". Profesa akaniuliza kwa nini dhuluma. Nilimjibu kwamba dhuluma haijitokei yenyewe. Ukiitaja tu, msikilizaji anauliza nani kadhulumu na nani kadhulumiwa. Alitikisa kichwa, akaniambia niendelee.

Nilikwama tena kwenye mfano wangu mwenyewe, madini ambayo Kiswahili kinayaita risasi. Tuliyapokea kutoka Kiarabu yakiwa tayari na maana mbili: metali ile nzito ya kijivu, na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Nilipotamka "watoto walikutwa na risasi mwilini", mwenzangu mmoja alishtuka na kuuliza, "Polisi?" Darasa likacheka. Mimi niliona kwamba kosa lake lilikuwa limeieleza hoja ya Nixon kuliko kurasa zangu zote. Risasi ya kwanza ingefika kwenye taarifa ya habari jioni ile ile. Ya pili inaweza kukaa mifupani miaka mingi bila mtu kuuliza ni nani aliyeifyatua.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 2011 na hoja yake ni rahisi kuieleza. Vyombo vya habari vinapenda kinacholipuka. Sumu inayochukua miaka 20 haina picha, haina siku ya tukio, kwa hiyo maskini wanaoumia nayo mapema ndio wanaoonekana mwisho. Kazi ya mwandishi, kwa Nixon, ni kuipa dhuluma hiyo sura na simulizi. Ndiyo maana anawasoma waandishi waliokuwa pia wanaharakati, kama Ken Saro-Wiwa wa Ogoni na Wangari Maathai wetu, na riwaya ya Indra Sinha, *Animal's People*, iliyochota kwenye mkasa wa gesi ya Bhopal wa mwaka 1984.

Nakipenda kitabu hiki, na tasnifu yangu imekiegemea. Ugomvi wangu nacho ni juu ya jambo moja, kutoonekana. Haonekani kwa nani?

Chukua Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulioko Mikindani, Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi kiliwekwa ubavuni mwa nyumba zao. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Aliacha kazi, akaanza kudai kiwanda kifungwe, na mwaka 2012 akakamatwa. Kiwanda kilisimama mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Goldman. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarejesha.

Ni kweli kwamba risasi ndani ya damu haina rangi wala harufu, na hapo Nixon yuko sahihi. Lakini moshi ulikuwa na rangi. Kikohozi kilikuwa na sauti. Watu waliokuwa wakiishi pale walisema, wakaandamana, wakasema tena. Walichokosa ni kuaminiwa. Ilibidi malalamiko yao yapite kwenye sindano, kisha kwenye maabara, kisha kwenye karatasi yenye mhuri, ndipo yaitwe ushahidi.

Naandika haya nikijua kwamba mimi pia nilikuwa miongoni mwa wasioamini. Nikiwa kidato cha tatu niliishi likizo kadhaa kwa shangazi yangu, Mombasa, nyuma ya jaa la taka lililokuwa likiungua usiku na mchana. Shangazi alikuwa na kalenda yake. Kusi ikivuma, alianua nguo mapema, akafunga dirisha la upande wa jaa na kuwahamishia watoto chumba cha mbele, maana moshi ulikuwa unakuja kwetu. Kaskazi ikiingia, alipumua, kisha akasema, "Sasa ni zamu ya wale wa ng'ambo, maskini." Alijua ni mtoto gani hukohoa msimu gani. Zahanati walimpa vidonge vya mafua.

Siku moja aliniambia kwamba ule moshi ndio unaommaliza kifua. Nilikuwa nimetoka kusoma sura ya mfumo wa kupumua kwa ajili ya mtihani. Nikamjibu kwa kujiamini kote kwa kidato cha tatu, "Shangazi, hilo haliwezi kujulikana bila kupimwa." Alinitazama, akaendelea kuchambua mchele. Hakulizungumzia tena mbele yangu.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba nilikuwa nimekaa na mtu mwenye kumbukumbu za miaka mingi za upepo, moshi na vifua vya watoto, nami nikamwambia hana data. Alikuwa nayo, kwa lugha ambayo mabaharia wa pwani hii wameitumia kwa karne nyingi kujua chombo kitasafiri lini. Sikuisoma kama maarifa kwa sababu ilisemwa na mama wa nyumbani akichambua mchele.

Kwa haki, Nixon analigusa jambo hili. Kwenye utangulizi anauliza ni nani mwenye mamlaka ya kuwa shahidi. Ni swali kubwa kuliko lile la kutoonekana, na nilitamani kitabu kizima kilifuate. Badala yake sura nyingi zinarudi kwa mwandishi mwenye jina, anayeichukua sauti ya kijiji na kuivusha hadi kwa wasomaji wa mbali. Tunawahitaji waandishi wa namna hiyo. Ila namna hii ya kusoma inamwacha shangazi palepale: yeye ni malighafi, mwandishi ndiye kiwanda.

Na takwimu tunazozisubiri zina masharti yake. Mwaka 2007, utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kuhusu jaa la Dandora, Nairobi, uliwachunguza watoto 328. Nusu ya waliopimwa damu walikutwa na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita, kiwango kilichokuwa kikitumika wakati ule kama mstari wa hatari. Miaka iliyofuata, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilishusha kiwango chake cha rejea hadi 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo mtoto wa Dandora aliyepimwa akakutwa na 6 alihesabiwa upande wa usalama, na miaka michache baadaye damu ile ile ingemweka upande wa hatari. Damu yake haikubadilika. Uliobadilika ni mstari. Mama yake, kama alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba mtoto hayuko sawa, alikuwa mbele ya sayansi kwa miaka kadhaa.

Sisemi tuache kupima. Bila vipimo vya damu Owino Uhuru isingeshinda mahakamani. Ninachosema ni kwamba kipimo na ushuhuda vinapaswa kukaa meza moja, na wahakiki tuna kazi hapo, kwa kuwa tumefundishwa kusoma ushuhuda.

Kazi hiyo inazidi kuhitajika kadiri tabianchi inavyobadilika. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilinyesha Runda na Mathare. Tofauti ilikuwa mfereji, mteremko, na umbali wa kitanda kutoka mtoni. Makala nyingi nilizosoma ziliita mafuriko yale janga la asili, neno lisilo na mdhalimu. Kisha serikali ikabomoa nyumba za kandokando ya mito, na watu waliokuwa na mengi ya kusimulia kuhusu mto ule na taka zake wakageuka wao ndio kosa. Ukisoma habari zile tena, hesabu ni mara ngapi mkazi ananukuliwa akilia, na mara ngapi ananukuliwa akieleza. Mimi nilihesabu. Kulia kulishinda kwa mbali.

Baada ya semina nilimpigia shangazi. Jaa lile limefungwa sasa, kifua chake hakijafunguka. Nilimweleza kuhusu kitabu, kuhusu dhuluma ya polepole, kuhusu risasi zenye maana mbili. Alisikiliza kwa subira hadi mwisho.

"Kwa hiyo umesoma mpaka chuo kikuu," akasema, "ndiyo umekuja kuniambia moshi ni mbaya?"

Nilicheka, naye akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Kilipotulia nilimwomba anieleze upya, taratibu, kusi ilikuwa ikianza lini na watoto gani walikuwa wakikohoa. Akaniuliza kama nina kalamu. Nilikuwa nayo.