Run: jinsi watunga kamusi walivyolipasua

Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford lilipotoka mwaka 1989, kitenzi set ndicho kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote: maana 430, maelezo ya maneno yapata 60,000. Baadaye run kikakipiku. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi hiyo, alikaa nacho miezi tisa, akatoka na maana 645 za kitenzi peke yake.

Mhariri hazibuni maana hizo kichwani. Anakusanya sentensi zilizoandikwa na watu, anazigawa mafungu, kisha kwa kila fungu anauliza: nani anatenda, na anatenda nini? Mtendaji akibadilika, mara nyingi maana nayo inahama. Kipimo cha pili ni kuweka neno jingine mahali pale. Likikaa hapa likakataa kule, hizo ni maana mbili.

Tuvipeleke vipimo hivyo Kigoma. Mwingereza anaweza kutumia run kwa yote haya, sisi kila moja lina neno lake: Mto Malagarasi unatiririka kwenda Ziwa Tanganyika. Barabara inatoka Kasulu inakwenda Kibondo. Mwenye duka analiendesha. Anayetaka udiwani anagombea. Kitenge kipya kikiloweshwa kinachuja rangi. Mtoto mwenye mafua anatokwa na kamasi. Na chumvi ya Uvinza ikimalizika jikoni, mama anasema imetuishia: chumvi ndiyo inayotenda, sisi ndio tunaotendewa. Mwingereza aghalabu anaigeuza sentensi hiyo, anayeishiwa anakuwa ndiye mtendaji. Hapo ndipo mwanafunzi anayefasiri neno kwa neno anapokwama, na kamusi isiyompa sentensi nzima haiwezi kumkwamua.

Mwingereza huzalisha maana kwa kubandika vijineno baada ya kitenzi. Kiswahili hunyambua: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Ni utaratibu safi zaidi, kwa maoni yangu, kwa kuwa uhusiano wa mtendaji na mtendewa unaonekana ndani ya neno lenyewe.

Lakini kimbia nalo lina mzigo wake. Anayeshindana uwanjani anakimbia, na anayeiacha nchi yake kwa kuogopa vita anakimbia pia. Huyo wa pili ndiye tunayemwita mkimbizi. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha kinachosemwa Kigoma, kinawatenganisha: wa kwanza ni kwiruka, wa pili ni guhunga, na mkimbizi ni impunzi. Nyarugusu, Kasulu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta, Kibondo, zimepokea Warundi wengi. Kwa mtoto wa huko, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inayofungua run kwa kimbia bila mfano inamwachia kubahatisha kati ya maneno mawili ambayo lugha ya nyumbani kwao haijawahi kuyachanganya. Anayetunga kamusi ya shule kwa wilaya hizi angeanza na sentensi mbili fupi, ya uwanjani na ya mpakani, kabla hajaandika maana yoyote.