Mshahara Ukichelewa Siku Tatu

Saa moja jioni, katika duka moja la vyakula pembezoni mwa mtaa wa Birere mjini Goma, mashariki mwa Kongo, keshia anamwaga droo yake mezani. Faranga upande wa kushoto, dola upande wa kulia. Faranga zimechakaa na kushikana kwa jasho, lakini hesabu yake inakubali. Taabu iko kwenye dola. Noti moja ya 20 ina mpasuko ukingoni, mdogo kuliko ukucha. Hapa Goma kila mtu anajua maana yake: muuzaji wa jumla ataikataa, na kambisti, yaani mbadilisha fedha, ataichukua kwa kuipunguza thamani. Msimamizi anaiinua kwenye mwanga wa taa, anairudisha mezani, kisha anaandika jina la keshia katika daftari. Mwisho wa mwezi dola 20 zitakatwa kwenye mshahara wake, ingawa mteja aliyeitoa alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyemsaidia kukagua.

Mwenye duka hilo sasa ana maduka matatu, yote ndani ya miaka miwili. Kwa macho ya mtaa, huyo ni mtu aliyefanikiwa. Ndani ya daftari, kila jina lina makato.

Tukizungumzia wafanyakazi wenye manung'uniko katika biashara inayokua haraka, mara nyingi tunaishia kwenye tabia za watu: patroni mkali, vijana wavivu, shemeji aliyepewa funguo za depo bila kujua kazi. Hayo yapo, nami nimeyaona. Lakini naamini manung'uniko hayo yanapima fedha kabla ya kupima tabia. Biashara ikianza kupungukiwa, mtu wa kwanza kukopwa bila kuulizwa ni mfanyakazi. Msambazaji anaweza kuzuia mzigo, mwenye nyumba anaweza kufunga mlango, lakini keshia hana cha kuzuia. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kampuni inayong'ara ni nzima, aanze kwa kuuliza mishahara ilitoka tarehe ngapi.

Mfano mkubwa katika kanda yetu ni Nakumatt. Ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, Kenya, na jina lenyewe ni Nakuru Mattresses lililofupishwa. (Mshindani wake Tuskys naye alitokana na magodoro: Tusker Mattresses.) Chini ya Atul Shah ikawa kampuni kubwa ya supamaketi kuliko zote nchini humo, na baadhi ya maduka yake yalikesha saa 24. Mwaka 2008 ilifika Kigali, 2009 Kampala, 2011 ikaingia Tanzania kupitia Moshi, na mwaka 2014 ikachukua maduka ambayo Shoprite ya Afrika Kusini iliyaacha Tanzania. Kilele chake kilikuwa matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Sisi wa Goma tuliopita Kigali miaka ile tulilijua duka la Union Trade Centre, na wengi tulirudi tukiuliza lini na sisi tutapata letu.

Fedha za kufungua matawi yote hayo zilitoka wapi? Hapo ndipo penye ufundi wa jambo hili, na ndipo penye ugonjwa wake. Mteja wa supamaketi hulipa papo hapo, lakini supamaketi humlipa msambazaji baada ya siku 60, pengine 90. Tuchukue hesabu ya kubuni. Kampuni ina maduka 10, kila moja linauza dola 10,000 kwa siku, na mzigo wa mauzo hayo ya dola 100,000 uliigharimu dola 85,000. Bidhaa inakaa rafuni siku 20 kisha inauzwa. Msambazaji analipwa siku ya 60. Kwa siku 40 fedha yake imelala mikononi mwa duka. Zidisha 85,000 kwa 40: dola milioni 3.4. Haina riba, haina dhamana, na inaongezeka kila duka jipya linapofunguliwa, kwa sababu duka jipya nalo linapokea mzigo leo na kulipa baada ya miezi miwili.

Kishawishi cha kuijengea ni kikubwa. Lakini ukishainunulia majokofu na rafu na kulipia kodi ya jengo, huwezi kuirudisha ndani ya siku 60. Nakumatt iliongeza juu yake mikopo ya benki na hati za madeni za muda mfupi zilizouzwa kwa wawekezaji. Mauzo yakipanda, mauzo makubwa ya leo yanalipa bili ndogo za juzi, na kila mtu anaona kampuni yenye afya. Yakisimama tu, hata bila kuanguka, hakuna fedha mpya inayoingia kutoka kwa wasambazaji, huku majokofu yakiendelea kudai umeme na benki zikidai riba. Yakishuka, bili za miezi miwili iliyopita zinakuwa kubwa kuliko droo zote za leo zikiwekwa pamoja.

Kufikia mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa zinaonekana mbao. Wasambazaji wasiolipwa waliacha kuleta mzigo, na hapa kuna jambo ambalo wasomaji wa taarifa za fedha hulipita haraka. Katika supamaketi za Kenya, wengi wa wanaopanga bidhaa rafuni huajiriwa na wasambazaji wenyewe. Msambazaji akiondoka, anaondoka na unga wake pamoja na mikono iliyokuwa ikiupanga. Wanaobaki wanabeba kazi ya waliokwenda, na ndio wanaosimama mbele ya mteja anayeuliza kwa nini hakuna sukari. Mishahara ikaanza kuchelewa wakati huohuo ambapo kazi ilikuwa imekuwa ngumu na ya aibu. Mtu anayelipwa kwa kuchelewa huku akitukanwa na wateja kwa kosa la ofisi atafanya nini? Mwenye uwezo wa kupata kazi kwingine anaondoka, na mara nyingi huyo ndiye fundi wa duka: anayejua hesabu ya stoo, anayejua mzigo upi unaibwa na kwa mlango gani. Duka linabaki bila macho.

Tawi la Westgate, Nairobi, linanisikitisha kuliko yote. Wafanyakazi wake walipitia shambulio la kigaidi la Septemba 2013. Likajengwa upya, likafunguliwa Julai 2015. Miaka miwili baadaye milango ikafungwa tena, safari hii kwa sababu ya madeni.

Mwaka huohuo wa 2017 Tuskys ilijaribu kuingia kuokoa jahazi, mpango ukashindikana. Januari 2018 mahakama iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi, Peter Kahi wa kampuni ya uhasibu ya PKF, ikiwa na madeni yaliyozidi shilingi za Kenya bilioni 30. Maduka sita yaliyosalia yaliuzwa kwa Naivas, supamaketi nyingine ya Kenya, na Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 huwapa wafanyakazi kipaumbele katika ufilisi, lakini kwa kipindi na kiwango chenye kikomo, na kipaumbele cha kugawana kilichobaki hakina uzito pale ambapo hakikubaki kitu.

Wako wanaosema tatizo lilikuwa kampuni ya familia, isiyotangaza hesabu zake hadharani. Ni kweli kwamba kila mmoja aliona kipande chake tu: benki iliona mkopo wake, msambazaji bili yake. Hata hivyo supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na serikali na iliyokuwa kwenye soko la hisa la Nairobi, ilifuata njia ileile. Bosi wake Jonathan Ciano aliondolewa Juni 2015, na Oktoba matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa kwa mpigo, wafanyakazi wakabaki wanadai. Kinachotenganisha waliopona ni aina ya fedha waliyojengea. Naivas iliuza sehemu ya hisa zake kwa wawekezaji mwaka 2020. Ilitoa sehemu ya umiliki ikapata fedha ambayo haidaiwi baada ya siku 60.

Goma hatuna mnyororo wa maduka 60, lakini utaratibu ni uleule kwa kipimo kidogo. Patroni anachukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla, anauza, na kabla ya siku ya kulipa ameshaweka amana ya chumba kingine barabarani. Zamani angalau angeweza kukimbilia benki mwezi ukiwa mbaya. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifunga milango, na mishahara mingi ikahamia kwenye simu, ambako wakala naye anakata chake. Ikawa hakuna pa kukopa isipokuwa kwa walio ndani ya duka. Noti iliyopasuka inayokatwa kwenye mshahara ni mkopo. Jumapili isiyolipwa ni mkopo. Msimamizi mmoja kugawanywa kwa maduka matatu ni mkopo pia, maana makosa anayoshindwa kuyazuia yanalipwa na keshia. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inataka malipo yasipite mwezi, inataja makato yanayoruhusiwa, na inawapa wafanyakazi haki ya kuwa na wajumbe wao. Katika maduka niliyoingia, sijakuta mjumbe hata mmoja.

Kama patroni angeniuliza, ningemwambia atenge mishahara ya miezi mitatu kabla ya kulipia chumba kipya, iwekwe mbali na droo za mauzo, na asiiguse hata muuzaji wa jumla akipiga simu kwa hasira. Ningemwambia pia amfundishe msimamizi wa duka jipya miezi kadhaa ndani ya duka la zamani, na gharama ya noti mbovu iwe ya duka, ikiambatana na dakika moja zaidi ya kukagua kila noti kubwa.

Yule keshia ana daftari lake mwenyewe, dogo, la kurasa za mraba. Anaandika tarehe ambayo mshahara umemfikia. Aliniruhusu kunakili miezi sita: tarehe 30, 30, 31, 3, 6, 11. Duka la tatu lilifunguliwa kati ya ile 31 na ile 3.